Kengele Tulizofunga kwa Leso ya Mama

Rukanga, Kasigau,
S.L.P. 61, Voi.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Kaka Solomon mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetulea sote wawili chini ya mlima huu. Hujambo? Derrick mwanao hajambo? Na goti lako la kushoto, limekubali dawa ama bado unapanda ngazi kwa upande? Fridah aliniambia baridi iliyopita ilikutesa sana. Sasa najua huko ni msimu wa joto, ingawa nasikia joto lenu ni la kuvalia sweta.

Huku kiangazi kimekaza. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika gotini, na yale machache yaliyojitahidi, ndovu waliyamaliza mwezi wa Juni. Pojo tulipata kidogo. Paa la nyumba ya mama bado halivuji. Baba Mdogo Danson bado anafungulia redio kwa sauti ya kuamsha kijiji kizima na bado anakataa kwamba masikio yamechoka.

Nimekusalimu kama tulivyofundishwa. Sasa tafuta kiti, Kaka, ukae.

Mwanao Fridah yuko hospitalini Voi. Amevunjika mfupa wa paja, mguu wa kulia. Yuko hai, ana akili zake zote, anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Jumanne tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi, watampasua wamtie chuma. Aliniapisha nisikuambie lolote mpaka aweze kutembea. Nimevunja kiapo hicho na najua ataninunia, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kuumbuliwa.

Jumapili ulimpigia simu kama kawaida yako. Ulisikia vyombo vikigongana, ukamuuliza yuko wapi, akakuambia yuko hotelini na wenzake wanakula pilau. Vilikuwa vyombo vya dawa, Kaka. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya kitanda. Alicheka nawe dakika nne nzima, akakutakia wiki njema, kisha akageukia ukutani. 

Naandika kwa kalamu kwa sababu milango mingine umeifunga. Tangu Mei umetoka kwenye kundi la familia, na nambari yangu umeizuia. Nikikupigia inalia mara moja na kunyamaza. Mimi huyu uliyenibeba mgongoni kuvuka mto ulipofurika ili nisikose mtihani. Basi nimepata njia usiyoweza kuizuia, nayo ni mtu. Anayekukabidhi bahasha hii anaitwa Teresia. Ni nesi, kwao ni Mahoo, anaishi hapo hapo Leicester unapoishi, na alikuwa nasi siku ya ajali. Bila mikono yake mguu wa mwanao ungekuwa habari nyingine. Mpe chai nzuri.

Nina ombi moja tu katika karatasi hizi zote, na nalitanguliza ili usiseme nilikuzungusha. Itoe ile hasira. Utase, kabla ya Jumanne.

Neno ulilosema unalikumbuka. Ilikuwa mwezi wa Mei, jioni niliyokueleza kwamba njia yetu ya baiskeli itapita korongoni, mbele ya ukuta wa wazee. Ulisema tunawauza wazee wetu kwa wageni, na kwamba wazee watatukataa. Halafu ukasema, "Mkamburi, nimekasirika, na hasira hii siitoi. Ikae." Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, sisi tukila. Fridah alisikia kila kitu. Aliweka kijiko chini na hakukishika tena.

Mtu wa kwingine angesema huo ni ugomvi wa simu tu. Sisi si watu wa kwingine. Tumekua tukijua kwamba hasira ya mkubwa isipotolewa moyoni haitulii ilipowekwa. Hutembea, na mara nyingi haimwendei aliyekosa, humwendea mtoto. Ndiyo maana babu alikuwa akitasa asubuhi, akijaza maji mdomoni, akayapuliza chini na kusema maneno ya kutoa kinyongo, hata kama alichokasirikia jana yake ni ugali ulioungua. Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani, na nimefundisha Sayansi miaka thelathini na mmoja. Bado neno lako lilinikosesha usingizi.

Sasa nikueleze habari za hizo baiskeli, maana ulihukumu bila kusikiliza shahidi.

Nilipostaafu nilikaa miezi mitatu nikiangalia kuku. Ndipo Nzomo, yule fundi wa baiskeli ambaye wazazi wake walitoka Kibwezi wakajenga Maungu, akanijia na wazo. Alisema wako watu Nairobi na Mombasa wanaopenda baiskeli lakini wanaogopa kufa chini ya lori, na sisi tuna kilomita na kilomita za njia ambazo hazijui gari. Nilimcheka. Wiki iliyofuata nilikuwa juu ya baiskeli yenye gia ishirini na moja, bibi wa miaka hamsini na saba, sketi nimeikunjia ndani ya suruali ya michezo. Watoto wa shule walinifuata wakiimba.

Na kweli, Kaka, kuna raha ambayo sikuijua. Tunatoka Rukanga jua likiwa bado nyuma ya mlima. Tunafuata njia nyembamba ya mchanga mwekundu, mlima mkono wa kulia, nyika ya Tsavo mkono wa kushoto hadi macho yachoke. Hakuna honi, hakuna moshi. Unasikia tairi likisaga mchanga na pumzi yako mwenyewe. Pimbi wamekaa kwenye mawe wakiota jua, paa wanavuka mbele yako bila haraka. Halafu unaingia korongoni, lile tulilokuwa tukichungia mbuzi, na ubaridi wa yale majabali unakupiga usoni. Ndani ya korongo kuna mabaki ya kijiji cha zamani, kile walimofukuzwa kina babu wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani. Mbele yake ndipo ulipo ukuta.

Wageni huvua kofia wenyewe wakiuona. Mawe yamepangwa bila udongo wala saruji, yakaziba mdomo wa pango, na hayajateleza tangu siku za wawinda watumwa. Huwa nawaonyesha ule mlango, mdogo makusudi, ili adui akitaka kuingia ainame na kutanguliza kichwa. Ndani hatuwaingizi. Nawaambia wazee wetu wamelazwa mle, vichwa vyao viko juu ya mwamba kama walivyowekwa, na tunapita kwa heshima. Hayo ndiyo uliyodhani ni kuwauza.

Baiskeli ina kasoro moja, na ni ile ile raha yake. Haina sauti. Gari linajitangaza toka mbali na ndovu anaondoka zake. Baiskeli inamfikia ndovu kama mwizi, na ndovu akishtuliwa hana mjadala. Kwa hiyo Nzomo alienda kwa Baba Mdogo akaomba kengele za mbuzi, tukaning'iniza moja chini ya kila usukani. Tukienda, tunalia njia nzima. Kwa karibu miezi mitatu hatukukutana na ndovu hata mmoja ana kwa ana. Tuliona migongo yao tu, wakituachia njia.

Hapa ndipo naanza kuona aibu, na nakuomba usisome haraka.

Baada ya neno lako nilitaka kukupoza bila kukuambia kwamba nimetishika. Nikaweka sheria. Kutoka lile jabali jeupe hadi tuupite ukuta, kengele zote zifungwe, tusiwapigie wazee kelele. Nilichukua leso ya mama, ile ya rangi ya zambarau iliyochakaa, nikaichana vipande kumi na viwili, kila kengele na kitambaa chake. Nilijiambia kwamba siku tutakapopatana nitakueleza, na utajua kwamba nilikusikia. Mita mia tatu tu za kunyamaza. Mtu yeyote wa kwetu angeona ni adabu. Mwalimu wa Sayansi alipaswa kuona zaidi ya hapo.

Fridah alianza kutuongoza mwezi wa Juni. Wewe anakuambia yuko dukani Voi, na ni kweli, siku za kazi. Jumamosi anapanda kuja kwetu. Nilimpokea kwa sababu anaijua njia, wageni wanampenda, na mimi nampenda kuliko wote hao. Mama yake alipofariki ukamwacha mikononi mwangu na mwa mama akiwa na miaka minne, na nywele zake mpaka leo ni mimi ninayezisuka.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na wageni sita, Teresia mmoja wao. Fridah alikuwa mbele, Nzomo katikati, mimi nyuma kabisa nikichunga wachovu. Tulipofika kwenye jabali jeupe tukashuka kufunga kengele. Fridah akanijia, akasema kwa sauti ya chini wageni wasisikie.

"Shangazi, mchanga umechimbwa pale mbele. Na kuna mavi ya ndovu, bado mabichi. Wacha leo tusifunge."

"Tutafunga," nikamwambia. "Baba yako ana lake moyoni. Usimwongezee lingine."

"Lakini ndovu hajui mambo ya baba."

"Fridah, funga kengele."

Nilimjibu kama mwalimu. Akafunga. Alikaza fundo kwa meno, kama alivyokuwa akifanya utotoni na kamba za viatu, akapanda, akatangulia.

Tulimwachia nafasi kidogo, kama kutoka kanisani hadi zahanati, kisha wengine wakafuata mmoja mmoja. Pale njia ina kona kali, majabali pande zote mbili. Fridah akaingia konani na hatukumwona tena. Ikawa kimya, kile kimya nilichokiagiza mimi.

Kisha nikasikia kengele.

Moja tu, ikilia kwa nguvu, bila kupumzika. Nilielewa kabla akili haijapanga maneno. Kengele haikupaswa kulia pale. Nzomo aliinua mikono miwili, wageni wakafunga breki, na papo hapo ndovu akapiga ukelele uliotikisa majabali. Tukasikia chuma kikivunjika. Na kengele ikanyamaza.

Baadaye Fridah alinieleza. Alipopinda kona alimkuta mama ndovu na mtoto wake wakinywa maji waliyoyachimba mchangani, chini kabisa ya ukuta. Hatua kumi na tano. Hawakuwa wamemsikia. Angeweza kurudi kinyumenyume polepole, lakini nyuma yake walikuwa wanakuja wageni sita wasiojua kitu, kimya kama yeye, na wangemkanyagia kisigino. Basi aling'oa kitambaa kwa meno na kuipiga kengele ili sisi tusimame. Alijua mama ndovu angeifuata sauti. Aliitupa baiskeli upande mmoja, yeye akakimbilia upande wa pili, na upande huo hakukuwa na pengine pa kuingia ila ule mlango mdogo.

Sisi hatukujua hayo. Tuliwapandisha wageni juu ya mawe, mmoja analia, mwingine amepoteza kiatu. Nzomo alipanda juu zaidi kutafuta mtandao awapigie askari wa wanyamapori. Mimi nilibaki chini, nimeshika jabali. Nilimsikia ndovu akitembea huko ng'ambo ya kona, akipumua, akisukuma mawe. Nilitaka kuita jina la mwanangu na sikuweza, maana kuita kungemleta kwetu, kwa watu niliowaahidi kuwarudisha. Dakika arobaini, Solomon. Nilisaga meno mpaka gego moja likapasuka. Sikuomba hata sala moja iliyokamilika. Nilisema tu, si huyu, si huyu.

Mtoto wa ndovu alipochoka akashika njia ya bondeni, na mama yake akamfuata. Tulingoja tena kidogo, kisha mimi na Nzomo tukapinda kona. Baiskeli ilikuwa imekunjwa, gurudumu la mbele limebanwa ndani ya fremu. Mtu hakuwepo. Damu pia sikuiona. Ndipo nikapata sauti ya kuita.

"Shangazi," akajibu kutoka ndani ya ukuta. "Niko hapa kwa wazee."

Niliingia kwa kuinama, kichwa mbele, kama adui. Alikuwa ameketi kwenye vumbi, mgongo umeegemea mwamba, vichwa vya wazee vikiwa juu yake. Ndovu alipousukuma ukuta, jiwe la juu liliporomoka likamwangukia pajani. Jiwe moja tu. Ukuta wote uliobaki ulisimama. Mguu ulikuwa umekaa vibaya sana na mfupa ulikuwa umechana nyama. Usoni alikuwa na rangi ya majivu, lakini alinitazama akasema, "Niliwasalimia. Kidawida changu kiliishia kwenye salamu, nikaendelea kwa Kiswahili. Sidhani wamekasirika."

Wewe ulisema wazee watatukataa, Kaka. Hao wazee walimfungulia mwanao mlango wao, na ndovu hakuweza kuinama.

Teresia alituamuru kama jeshi. Aliunyoosha mguu, akaufunga kwa pampu ya baiskeli na tyubu mbili, akabana kidonda kwa vile vipande vya leso vilivyobaki safi. Tulimbeba kwa zamu hadi njia kubwa, na pikapu ya jirani ikatufikisha Voi jioni. Barabara ya Maungu unaijua. Kila shimo alilisikia, na kila mara alishika mkono wangu kwa nguvu.

Walipanga kumpasua Jumatatu, wakaahirisha kwa sababu presha yake ilipanda. Wakapanga Jumatano, ikapanda tena akiwa tayari juu ya kitanda cha magurudumu. Daktari ni mtu mwema, alinivuta kando na kusema mgonjwa ana hofu kubwa, na mfupa hauwezi kukaa hivyo siku nyingi. Jumanne ikipita bila upasuaji, anaogopa kidonda kitaoza na mguu utapotea. Nilimuuliza Fridah anaogopa sindano au kisu. Akaniambia, "Naogopa kulala pale na neno la baba bado limesimama."

Sikukuongezea hata nukta katika maneno hayo.

Jumatano hiyo hiyo, ambayo ndiyo jana, nilimwacha Nzomo akimchunga na nikarudi nyumbani kwa Baba Mdogo Danson. Nilimkuta zizini akikata mbuzi kwato. Nikamwomba atase kwa niaba yako, maana yeye ndiye mkubwa aliyebaki na wewe uko mbali. Alizima redio, Kaka. Ujue jambo lilikuwa zito.

"Hasira ya Solomon niitoe mimi?" akasema. "Kwani mimi ndiye niliyeiweka? Kila mtu hutema ya mdomoni mwake." Akaendelea na kwato. Halafu, bila kuniangalia, "Na yako je?"

"Yangu ipi, Baba?"

"Ile ya mazishi. Miaka mitano unaipikia chai."

Nilitaka kuondoka. Badala yake nikaketi kando ya zizi.

Wacha niiseme sasa kwa kalamu, kwa sababu mdomoni haijawahi kutoka. Mama alipotuacha, ndege zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, na sikukulaumu. Tulikuweka kwenye simu ili uone. Mtandao ulikatika jeneza likiwa nusu ya shimo, nikabaki nimeshika kioo cheusi mbele ya kaburi. Halafu ndege zikafunguliwa. Nikafagia chumba chako. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Ulikuwa na sababu kila mara, na sababu zote zilikuwa za kweli. Mimi nilisema, "Usijali, Kaka, tutaonana Mungu akipenda." Na kila nilipolisema moyo wangu ulikuwa unawaka. Nilikukasirikia kwa sauti ya upole miaka mitano.

Na sasa lile baya kuliko yote. Njia nyingine ya baiskeli ilikuwepo. Inapita chini, nje ya korongo, ni ndefu kidogo lakini ni wazi, unaona ndovu toka mbali. Nzomo aliitaka hiyo tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania ukutani. Niliwaambia ni kwa sababu ya historia, na wageni kweli wanaipenda historia. Lakini ndani yangu nilijua itakuchoma, na nilitaka ikuchome. Nilifikiri ukichomeka utapanda ndege uje kunigombeza, na nitakuona. Badala yake ulikasirika ukiwa huko huko, mimi nikafunga kengele ili nikupoze, na mtoto akaenda kimya kwa ndovu. Sihitaji mganga wa kunieleza njia iliyofuatwa na hasira zetu. Nimeipita kwa baiskeli.

Basi jana, jua likielekea Tsavo, nilienda na Baba Mdogo hadi ukutani. Alipanda korongo hilo kwa miguu yake, akitukana kila jiwe. Nikachukua maji mdomoni, nikapuliza, nikaanza, "Kama nilimkasirikia ndugu yangu..."

Akanikatiza. "Kama? Huna uhakika?"

Nikachukua maji tena. Nikapuliza. Nikasema, "Nilimkasirikia Solomon. Nilimkasirikia kwa ajili ya mama. Hasira hii na iende na maji haya, mtoto apate amani." Nilisema mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nalia na maji mengine nikayameza, na Baba Mdogo akasema hiyo haidhuru. Tuliporudisha lile jiwe mahali pake alikubali kunishikilia mkono kwenye mteremko.

Yangu imetoka, Kaka. Leo asubuhi nilikunywa chai na ilikuwa chai tu.

Imebaki yako, na hakuna anayeweza kukusaidia. Maji ya bomba la jikoni yanatosha. Fungua dirisha. Ukisahau maneno ya Kidawida sema kwa Kiswahili, mwanao amekwisha kuyajaribu na yamekubalika. Usianze na "kama". Ukimaliza, usiniandikie mimi na usihangaike kunifungulia simu. Mpigie Fridah. Usimuulize yuko wapi, mwambie unajua alipo, na mwambie kwamba hasira umeitoa. Hayo tu. Saa tatu ya huku ni saa moja asubuhi ya kwako, lakini piga mapema zaidi, piga Jumapili, piga dakika hii ukiwa bado umevaa miwani.

Njia tumeihamisha. Wageni watapita chini kuanzia sasa, na kengele zitalia mwanzo hadi mwisho. Ukuta wataambiwa upo, na wenye kutaka wataupandia kwa miguu, wakitembea na Nzomo, mchana kweupe, huku wakiongea.

Nisalimie Derrick, mwambie shangazi yake amekuwa mwanariadha uzeeni. Baba Mdogo Danson anakusalimu na anauliza kama huko kuna mbuzi. Nzomo anakusalimu, hamjaonana lakini alimbeba mwanao. Chumba chako kimefagiwa, na safari hii nimekifagia bila kukulaumu.

Ndani ya bahasha utakuta kitambaa kidogo cha zambarau. Utaitambua leso ya mama. Kipande hicho ni cha kengele ya Fridah, kile alichong'oa ili wengine wapone. Kishike kwenye mwanga utaona alama za meno yake.

Mungu akulinde, alilinde na goti lako, na akupe mdomo mwepesi kabla ya Jumanne.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bila kinyongo tena,

Mkamburi